UZI: Mapinduzi ya Haiti yaliletwa na vitabu vya wanafalsafa wa Ulaya, au watumwa walikuwa na hesabu zao?

#1 Mwalimu wa Zamu

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha Historia sekondari, na kila nikifika mada ya Zama za Mwangaza nakwama mahali palepale. Vitabu vyetu vinaipanga hadithi hivi: John Locke akaandika kwamba serikali halali hutokana na ridhaa ya wanaotawaliwa. Montesquieu akaja mwaka 1748 na mgawanyo wa madaraka. Rousseau mwaka 1762 akaandika kuhusu mkataba wa kijamii. Watu wakasoma, macho yakafunguka. Wamarekani wakaasi 1776, Wafaransa wakaivamia Bastille 1789, na mwishoni kabisa, kwa mistari minne mitano, tunaambiwa mawazo hayo "yakafika hata Haiti".

Hiyo "hata Haiti" ndiyo inayoninyima usingizi.

Koloni lile la Wafaransa katika visiwa vya Karibi, wakati huo likiitwa Saint-Domingue, lilikuwa na watumwa karibu 500,000, weupe wasiofika 40,000, na watu huru weusi na machotara kama 30,000. Lilitoa kiasi cha asilimia 40 ya sukari iliyoliwa Ulaya na zaidi ya nusu ya kahawa. Wengi wa watumwa walizaliwa Afrika na hawakujua kusoma. Na hao waandishi wenyewe? Locke alikuwa na hisa katika Royal African Company, kampuni iliyouza watu. Jefferson, aliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa, alimiliki watumwa zaidi ya 600 katika maisha yake. Leo nimwambie mwanafunzi kwamba hawa ndio waliomfundisha mtumwa maana ya uhuru?

Dai langu: watumwa wa Saint-Domingue hawakupokea wazo la uhuru kutoka Ulaya. Wao ndio waliolilazimisha litimie kwa kila mtu, jambo ambalo walioliandika hawakuwa tayari kulifanya. Karibuni tubishane kwa hoja.

#2 Msomaji Kimya

Naweka kambi hapa. Mwenye kiti na asogee.

#3 Bwana Hesabu

Mwalimu, shikamoo. Mimi nakwenda mbali kuliko wewe. Vitabu havijaleta mapinduzi popote, hata hapo Ufaransa. Fuata pesa.

Ufaransa iliwasaidia Wamarekani kupigana na Mwingereza, ikatoka vitani na deni lisilobebeka. Mfalme akataka kuwatoza kodi makabaila, wakagoma. Ikabidi aite Baraza la Matabaka Matatu, ambalo halijakutana tangu 1614. Julai 1788 mvua ya mawe ikaharibu mazao, na majira ya baridi yaliyofuata yakawa makali. Mkate ukapanda bei mpaka kibarua wa Paris akawa anamaliza sehemu kubwa ya ujira wake kwenye mkate tu. Oktoba 5, 1789 wanawake wa sokoni walitembea kwa miguu hadi Versailles kudai mkate, wakamrudisha mfalme Paris. Unadhani walikuwa wamebeba Rousseau chini ya kanga zao?

Haiti ni hivyohivyo. Ukimchapa mtu viboko kuanzia alfajiri mpaka usiku, siku moja atageuka. Hahitaji falsafa.

#4 Bint Forodhani

Bwana Hesabu, kanga za Versailles umezitoa wapi wewe? 😂

Ila hoja yako ina tundu. Njaa haikuanza 1788. Mwaka 1709 Ufaransa ilipigwa na baridi kali na njaa iliyoua watu kwa mamia ya maelfu, na Louis XIV akabaki kwenye kiti chake, akafa kitandani. Deni nalo halikuwa geni kwa wafalme wale. Kwa nini safari ile tu ndiyo dola ikaanguka?

Kwa sababu Juni 17, 1789 wajumbe wa tabaka la tatu, yaani wasio makasisi wala makabaila, walisimama wakajiita Baraza la Taifa. Hawakusema "mfalme tupunguzie kodi". Walisema mamlaka ni ya taifa na sisi ndio taifa. Njaa haimpi mtu sentensi kama ile. Kuna mtu aliiandaa, na watu walikuwa wameizoea masikioni kabla ya siku hiyo.

#5 Bwana Hesabu

Bint, wajumbe wale wengi walikuwa mawakili na maofisa wa serikali. Tumbo limejaa, wana muda wa kutunga sentensi. Bila wenye njaa mtaani Julai 14, siku ya kuvamiwa Bastille, sentensi yao ingevunjwa na wanajeshi.

#6 Kijana wa Makongoro

Kwani ubishi wa nini? Haiti ilikuwa na Toussaint Louverture, mtumwa aliyesoma vitabu vya Wafaransa, akaongoza maasi usiku ule wa 1791, akawapiga Wafaransa na kutangaza uhuru 1804. Mtu mmoja msomi alitosha. Kwa hiyo vitabu vilifanya kazi.

#7 Mwalimu wa Zamu

Makongoro, ngoja tuweke kumbukumbu sawa.

Maasi yalianza usiku wa Agosti 22, 1791 katika nyanda za kaskazini, na aliyekuwa mbele siku zile ni Boukman, pamoja na Jean-François na Biassou. Toussaint aliingia baadaye kidogo. Tena hakuwa mtumwa wakati ule, alikuwa ameshapata uhuru wake zaidi ya miaka kumi nyuma. Na 1804 hakuwepo duniani. Wafaransa walimkamata kwa hila Juni 1802, wakamfunga katika ngome ya Fort de Joux, kwenye milima yenye baridi karibu na Uswisi, akafia humo Aprili 7, 1803. Aliyetangaza uhuru mjini Gonaïves Januari 1, 1804 ni Dessalines, ambaye yeye hasa alitoka shambani na makovu ya mjeledi mwilini, na hakuwa mtu wa vitabu.

Kuhusu Toussaint kusoma kitabu cha Raynal, mwandishi Mfaransa, kilichotabiri kwamba atatokea kiongozi mweusi wa kulipiza kisasi: hadithi hiyo inasimuliwa sana, na inawapendeza mno wanaotaka sifa zirudi Paris.

#8 Mwana Katanga

Jambo bandugu. Miye niko Lubumbashi, nasoma hapa kimya siku mingi, lakini leo lazima niseme.

Munasahau batu benyewe. Miaka ya mwisho kabla ya maasi, sehemu kubwa ya watumwa waliopelekwa kule ilitoka pande za ufalme wa Kongo na pwani ya Angola. Ufalme ule ulivunjika vipande tangu vita vya Mbwila vya 1665, pale Wareno walipomuua mfalme António wa Kwanza. Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe, miaka na miaka. Mateka wa vita vile njo waliouzwa. Maana yake mashamba ya miwa yalijazwa askari! Batu wanaojua bunduki, wanaojua kuvizia na kutawanyika porini.

Halafu siasa. Mwaka 1793 kiongozi mmoja wa waasi, Macaya, alipobembelezwa ajiunge na Jamhuri ya Ufaransa alikataa. Alisema yeye ana wafalme watatu: wa Kongo, wa Ufaransa na wa Hispania. Na ile Agosti 1791, katika mikutano yao, habari iliyosambazwa ni kwamba mfalme wa Ufaransa amewapa watumwa siku tatu za mapumziko kwa juma na mabwana wameificha amri. Haikuwa kweli, lakini njo iliyobeba watu. Kwa hiyo waliinuka kwa jina la mfalme, wala si kwa jina la Rousseau.

(Na kabla mtu hajaniuliza: hapana, Kongo ile si yetu huku mashariki wala hawakusema Kiswahili. Mji mkuu wao, Mbanza Kongo, leo uko Angola.)

#9 Bint Forodhani

Mwana Katanga, hapo umenifungua macho, ahsante.

Lakini angalia kilichofuata. Jean-François na Biassou walipigania mfalme wa Hispania, na wote wawili waliishia kuondoka na Wahispania. Toussaint naye alianza huko, kisha akavuka. Agosti 29, 1793, siku ileile ambayo kamishna Sonthonax alitangaza kufuta utumwa kaskazini, Toussaint alitoa tamko lake akisema anataka uhuru na usawa vitawale Saint-Domingue. Uhuru na usawa, kaka. Hayo si maneno ya mtu wa mfalme. Februari 4, 1794 Paris ikafuta utumwa katika makoloni yote, na mwaka huohuo Toussaint akahamia Jamhuri.

Mfalme alitoa uvumi wa siku tatu. Jamhuri ilitoa siku saba.

#10 Mwana Katanga

Jamhuri haikutoa, dada. Jamhuri ilinyang'anywa. Sonthonax alitangaza vile kwa sababu Wahispania na Waingereza walikuwa wanamvamia na hakuwa na jeshi bila watumwa.

#11 Bwana Hesabu

Mwana Katanga nakupa soda ukifika Dar. Hiyo ndiyo lugha yangu.

#12 Wakili wa Kijiji

Naomba niingie upande wa sheria, maana mnazungumzia mapinduzi ya Ufaransa kama vile yalikuwa na sauti moja. Chukueni Tamko lake la Haki za Binadamu na Raia la Agosti 26, 1789.

Ibara ya kwanza inasema watu huzaliwa na kubaki huru na sawa katika haki. Vizuri. Sasa nenda ibara ya mwisho, ya 17: mali ni haki takatifu isiyokiukwa. Wenye mashamba ya Saint-Domingue waliokaa Paris, wenye klabu yao iliyojulikana kwa jina la Massiac, walishika mali. Wakasema mtumwa ni mali, kwa hiyo mkimgusa mmevunja tamko lenu wenyewe. Chama cha Marafiki wa Weusi, kilichoanzishwa 1788, kikashika ibara ya kwanza. Karatasi moja, kesi mbili, na Bunge likatumia zaidi ya miaka minne kujibu.

Katikati ya hapo Vincent Ogé, chotara tajiri, alikwenda Paris kudai haki za watu huru wa rangi, akakataliwa, akarudi na kuasi Oktoba 1790. Februari 1791 walimvunja mifupa kwenye gurudumu, hadharani, mjini Cap-Français. Naye hakuwa akidai watumwa waachiwe! Alidai haki za watu wa tabaka lake tu, wengine wakiwa wamiliki wa watumwa pia. Kwa hiyo kijana wangu wa #6, msomaji wa vitabu tunaye, na jina lake ni Ogé. Vitabu vilimfikisha hapo.

Kwetu Tanzania ibara ya 12(1) ya Katiba inasema binadamu wote huzaliwa huru na wote ni sawa. Ukoo wa sentensi hiyo unapita Tamko la Umoja wa Mataifa la 1948 na kurudi hadi 1789. Lakini hati yenyewe ya haki iliingia katika Katiba yetu mwaka 1984 na ikaanza kudaiwa mahakamani 1988. Sentensi nzuri inaweza kusubiri muda mrefu sana.

#13 Msomaji Kimya

Wakili umeshuka na nondo. Kambi inaendelea.

#14 Mkilwa Asilia

Wadau, kuna jambo linatuhusu sisi wa pwani na hakuna aliyeligusa.

Mwaka 1776, uleule wa Jefferson na tamko lake, Mfaransa mmoja aitwaye Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa. Mkataba ulisema apewe watumwa 1,000 kila mwaka. Wengi walipelekwa Île de France, ambayo ndiyo Mauritius ya leo, na kisiwa cha Bourbon, Réunion ya leo, kulima mashamba ya Wafaransa. Kwa hiyo wakati Paris wanasoma mkataba wa kijamii, huku kwetu Mfaransa na Sultani walikuwa na mkataba wa namna nyingine. Nimekulia Kilwa Masoko, mkabala na kisiwa chenyewe, na shuleni sikuwahi kuusikia. Nilikuja kuujua ukubwani.

Haya, Paris ikafuta utumwa 1794. Je, huku ilifutwa? Mwaka 1796 walikuja wajumbe wawili wa Jamhuri, Baco na Burnel, kutekeleza sheria Île de France. Walowezi waliwafukuza, wakawarudisha melini. Watu wetu waliendelea kulima miwa kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapa namuunga mkono Mwana Katanga kwa mikono miwili. Sheria ilikuwa moja kwa Haiti na kwa Mauritius. Tofauti ni kwamba Haiti mashamba yalikuwa yameshachomwa moto kabla sheria haijafika.

#15 Kijana wa Makongoro

Mkilwa, usituambie na watu wa Kilwa walipigana Haiti, tutakuomba viza 😂

#16 Mkilwa Asilia

Cheka tu. Miaka ya 1780 meli za Kifaransa zilipakia watu pwani ya Msumbiji, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi Saint-Domingue. Katika orodha za mashamba ya kule wamo walioandikwa "Mozambique". Sidai kwamba Kilwa iliongoza mapinduzi. Nadai kwamba watu wa upande huu wa bahari walikuwa ndani ya nyumba ile ilipowaka.

Tena chukua na hii. Napoleon aliponusurika bomu Paris Desemba 1800, aliwasingizia Wajakobini, wale wanamapinduzi wa mrengo mkali, akawahamishia Shelisheli kama 70 hivi. Baadhi yao wakasogezwa Nzwani, Komoro, na wengi wakafia huko upesi. Wanamapinduzi wa Paris wamezikwa Komoro, wakuu.

#17 Bint Forodhani

Hiyo ya Nzwani sikuijua kabisa. Inastahili uzi wake.

Mimi naomba niwakumbushe walioachwa nje ya tamko kwa jinsia yao. Olympe de Gouges aliandika Tamko la Haki za Mwanamke mwaka 1791, akalijibu lile la wanaume ibara kwa ibara. Aliwahi pia kuandika mchezo wa jukwaani kupinga utumwa. Novemba 3, 1793 Jamhuri ikamkata kichwa. Na Haiti alikuwepo Sanité Bélair, ofisa katika jeshi la Toussaint, aliyeuawa na Wafaransa Oktoba 1802. Mwalimu, kwenye vitabu vyenu wamo?

#18 Mwalimu wa Zamu

Hawamo, dada yangu. Na mimi ninawafundisha, mtihani uwaulize usiwaulize.

#19 Daktari wa Mifugo

Samahani kwa kuchelewa kuingia. Nimesoma kurasa zote na sioni aliyemtaja mshindi halisi: mbu.

Napoleon alimtuma shemeji yake Leclerc mwishoni mwa 1801 na jeshi kubwa la kurudisha mambo kama zamani. Homa ya manjano iliwafyeka. Leclerc mwenyewe alikufa nayo Novemba 1802. Askari waliotoka Ulaya hawakuwa na kinga, waliokulia maeneo yenye ugonjwa huo walikuwa nayo. Mnabishana kuhusu Rousseau na Kongo, wakati jeshi bora la Ulaya liliangushwa na mdudu.

#20 Mwana Katanga

Daktari, mbu walikuwepo pia miaka mia moja ya utumwa, mbona hawakumkomboa mtu? Toussaint na Dessalines walijua majira ya mvua yanaleta nini kwa mgeni, njo maana walichoma miji na kurudi milimani, wakimsubirisha adui. Na vita vya Vertières, vile vya mwisho vya kumshinda Mfaransa, Novemba 18, 1803, havikupiganwa na mbu.

#21 Kaka wa Montréal

Salaam kutoka baridini. Huku Montréal Wahaiti ni wengi, na kazini nina rafiki wa Port-au-Prince ambaye tumebishana jambo hili mara nyingi wakati wa chakula. Yeye ukimtajia Locke anakutazama tu. Kwao hadithi inaanza Bois Caïman, Agosti 1791, kwenye msitu ambako Boukman na kuhani wa kike walikula kiapo na wenzao kabla ya kuwasha moto. Kila Januari 1 familia yake hupika supu ya maboga, kwa sababu wazee wao walisimulia kwamba enzi za utumwa ilikuwa chakula cha mabwana tu. Nimeinywa kwake. Jirani huleta, na wewe unapeleka yako kwa jirani.

Lakini yeye huyohuyo humlaumu Toussaint. Katiba ya 1801 ilifuta utumwa milele, sawa, ila ilimfanya Toussaint gavana wa maisha na kuwabana wakulima kwenye mashamba yaleyale chini ya amri za kijeshi. Mkulima alitaka kijishamba chake alime mihogo na viazi. Serikali ilitaka sukari ya kuuza nje ili inunue bunduki. Rafiki yangu anasema uhuru wa watu wa chini ulikuwa ardhi, na hakuna kiongozi aliyewaelewa.

#22 Bwana Hesabu

Huyo rafiki yako ni mwenzangu. Ardhi! Tangu #3 nasema tumbo, mnanicheka.

#23 Wakili wa Kijiji

Bwana Hesabu, ardhi si tumbo tu. Kuwa na ardhi yako ambayo hakuna wa kukutoa ni haki, na Locke mwenyewe alijenga hoja yake juu ya mali na jasho la mtu. Mkulima wa Haiti aliyesema "shamba nimelilima, ni langu" alikuwa Locke kuliko Locke.

#24 Mwalimu wa Zamu

Wakili, hiyo nitaipeleka darasani kama ilivyo.

#25 Kijana wa Makongoro

Swali langu ni moja tu. Kama mapinduzi yao yalikuwa makubwa kuliko yote, mbona nchi imekuwa maskini hivi?

#26 Kaka wa Montréal

Makongoro, mwaka 1825 mfalme Charles X alipeleka manowari Port-au-Prince na amri: lipeni faranga milioni 150 kufidia wenye mashamba, ndipo tutawatambua. Waliokuwa watumwa wawalipe waliowatumikisha, kwa miili yao wenyewe. Ilibidi wakope kwenye benki za Ufaransa ili kuilipa Ufaransa. Mwaka 1838 ilipunguzwa ikawa milioni 90, na madeni yaliyotokana nayo yalifika karne ya 20. Marekani, nchi ya Jefferson, iliitambua Haiti mwaka 1862 tu.

#27 Daktari wa Mifugo

Yote kwa wageni? Dessalines aliuawa na watu wake Oktoba 1806, nchi ikagawanyika: Christophe kaskazini akajifanya mfalme, Pétion kusini na jamhuri yake. Na huyohuyo Pétion ndiye Rais wa Haiti aliyekuja kukubali urais wa maisha. Montesquieu na mihimili yake walikuwa wapi?

#28 Bint Forodhani

Daktari, mtaje Pétion kwa ukamilifu. Ndiye aliyempokea Simón Bolívar, mpigania uhuru wa Amerika Kusini, akiwa amefukuzwa na Wahispania, akampa silaha na meli mwaka 1816, kwa sharti moja: ukishinda, waachie watumwa. Sharti hilo halikutoka Philadelphia wala Paris.

#29 Mwana Katanga

Na Bolívar huyo alipoitisha mkutano wa nchi huru za Amerika kule Panama mwaka 1826, Haiti haikualikwa. Mwalimu, uwaulize wanafunzi wako ni mwanafalsafa gani aliyefundisha hiyo.

#30 Bwana Hesabu

Haikualikwa kwa sababu wenye mashamba ya Amerika yote waliogopa watumwa wao. Narudi palepale: fuata pesa. Mkilwa, fungua uzi wa ule mkataba wa Morice. Nataka kujua Sultani alilipwa nini kwa kila kichwa.